Bustani ya Nyumbani: Mtini wa Pwani ya Ukungu

Mtini ni mti wenye heshima ya kale. Umetajwa katika Kurani na katika Biblia, na kwa ajili hiyo watu wengi wameuweka akilini mwao pamoja na mchanga, jua kali na misafara ya ngamia. Mtu akiambiwa kwamba tini nzuri huchumwa mahali ambapo watu huvaa sweta mwezi wa Julai, aghalabu hucheka. Hata hivyo wako wenye bustani wazichumao kila mwaka katika pwani ya magharibi ya Marekani, toka San Francisco hadi Puget Sound, na katika pwani ya kusini ya Uingereza. Nao hawazipati kwa bahati. Huzipata kwa sababu walichagua mti ufaao kabla ya kushika jembe.

Kwa jamaa za askari jambo hili si dogo. Karibu na mji wa Tacoma, kando ya Puget Sound, iko kambi kubwa ya jeshi la Marekani iitwayo Lewis-McChord. Askari wa kambi ile, kama askari wa kila nchi, huishi kwa amri ya uhamisho: miaka michache katika kituo kimoja, kisha mizigo hufungwa. Katika miji ya jirani, kama Kent na Tukwila, wamekaa pia watu waliotoka Kongo na Burundi, ambao baadhi yao husema Kiswahili nyumbani. Mtini uliopandwa ukiwa mdogo hutaka miaka miwili, mitatu, hata minne kabla ya kuzaa vizuri. Mama wa nyumba akipanda mti usiofaa, mwaka wa kwanza atangoja, wa pili atangoja, na wa tatu ataona tini za kijani zimejaa mti mzima hadi Oktoba, ngumu kama mpira, kisha baridi ya Novemba itaziangusha zote. Ndipo barua ya uhamisho itakapofika. Kwa mti wa namna hiyo mbolea haisaidii wala subira haisaidii; kosa lilikwisha kufanyika siku ya kununua.

Hesabu ya kwanza ni ya joto. Mji wa Fresno, katika bonde la ndani la California, ndio makao makuu ya tini za Marekani. Mchana wa Julai joto la huko hufika kwa kawaida nyuzi 37 za sentigredi. San Francisco iko katika jimbo lilo hilo, mwendo wa saa tatu hivi kwa motokaa, lakini mchana wa Julai joto lake ni nyuzi 20 tu au pungufu kidogo, kwa sababu ukungu wa bahari huingia kupitia mlango wa Golden Gate na kuufunika mji. Seattle hupata nyuzi 25 hivi, nayo miji ya pwani ya Sussex, Uingereza, kiasi cha 20. Tini zinazouzwa madukani katika miji hiyo yote hutoka mahali penye joto la Fresno. Basi mtu anayekula tini dukani, akauliza jina lake, akaenda kununua mti wenye jina hilo, amenunua mti wa nchi nyingine.

Ili kuelewa ni mti upi ufaao, sharti kwanza kujua tabia moja ya mtini ambayo miti mingi ya matunda haina. Mtini huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kila zao lina tawi lake. Zao la kwanza hutokea kwenye vitawi vilivyoota mwaka uliopita. Vitumba vyake hulala tayari wakati wote wa baridi karibu na ncha za matawi, vidogo kama punje ya njegere, na joto la kwanza likija huanza kuvimba mara moja. Wahispania huziita tini hizo breva. Zao la pili hutokea kwenye vitawi vipya vya mwaka huo huo, katika kwapa za majani. Huchelewa kuonekana, na hutaka siku nyingi za joto mfululizo ili ziive. Huko Fresno zao la pili ndilo kubwa, na breva huwa kama kionjo tu. Katika pwani yenye baridi mambo hugeuka. Breva zimekwisha kutangulia, nazo huiva mwishoni mwa Julai au katika Agosti, ilhali zao la pili hukutwa na mvua za vuli likiwa bado bichi.

Hapo ndipo penye siri yote ya uchaguzi. Mkazi wa pwani ya ukungu asiulize ni mtini upi wenye tini tamu kuliko yote. Na aulize ni upi unaozaa breva nyingi na nzuri. Yako majina mashuhuri ambayo zao lake la kwanza ni haba au si kitu, na sifa zote zimetokana na la pili. Majina hayo yaachiwe watu wa bonde.

Jambo la pili la kutazamwa ni nyigu. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki waliokulia karibu na mkuyu wanalijua jambo ambalo wakulima wa California walilijua kwa hasara. Mtu akipasua kuyu hukuta wadudu ndani. Ndiyo maana wahenga wakasema, uzuri wa kuyu ndani mabuu. Lakini wadudu wale si uchafu. Maua ya mkuyu yamo ndani ya tunda lenyewe, hayaonekani kwa nje, na nyigu mdogo kama chawa ndiye apenyaye katika tundu la mbele akiwa amebeba chavua. Mtini ni ndugu wa mkuyu, na ndugu pia wa mutuba, ambao Waganda huambua gome lake wakafanya nguo. Aina fulani za mtini zina masharti yale yale: pasipo nyigu hakuna tunda.

Katika miaka ya 1880 vipande vya mitini mashuhuri ya Smyrna, Uturuki, vilipelekwa California na kupandwa. Miti ikakua vizuri, ikatoa tini changa, na tini zikaanguka zote kabla ya kuiva, mwaka baada ya mwaka. Wako waliodhani kuwa Waturuki wamewauzia miti ya uongo. Kumbe kilichokosekana ni mdudu. Mwaka 1899 nyigu alikaa na kuzaliana katika shamba la Roeding karibu na Fresno, baada ya kuletwa pamoja na mitini dume anamoishi, na tangu hapo tini za Smyrna zikazaa. Baadaye zilipewa jina la Calimyrna, na hadi leo ni tini kavu nzuri mno. Lakini nyigu huyo hayupo Puget Sound wala Uingereza. Anayepanda Calimyrna huko amepanda mti wa kivuli.

Aina nyingi za mitini ya bustani hazimhitaji nyigu kabisa; hizo ndizo za kawaida. Lakini lipo kundi la katikati, ambalo wataalamu huliita San Pedro: zao lake la kwanza huiva bila nyigu, na la pili haliivi bila yeye. Mkulima wa bonde hulidharau kundi hilo kwa sababu humpotezea zao kubwa. Mkazi wa pwani ya baridi hapotezi chochote, maana zao la pili lingemwozea mtini kwa vyo vyote. Tena likianguka mapema humwachia mti nguvu.

Katika kundi hilo umo mtini uitwao Desert King, yaani Mfalme wa Jangwa. Jina hili ni la mzaha wa historia. Mti huo ulipatikana Madera, karibu na Fresno, katika joto lenyewe. Lakini ufalme wake umekuwa mbali na jangwa, katika mvua na mawingu ya kaskazini. Breva zake ni kubwa, ngozi ya kijani, nyama nyekundu kama jamu ya stroberi, nazo hujaa katika kila ncha ya tawi lililopona baridi. Kituo cha utafiti cha Mount Vernon, cha Chuo Kikuu cha Washington State, kilipojaribu aina mbalimbali za mitini katika hali ya hewa ya Puget Sound, Desert King ndio ulioonekana kuwa wa kutegemewa kupita mingine. Kwa jamaa yenye nafasi ya mtini mmoja tu huko, hakuna haja ya kutafuta zaidi. Kasoro yake ni ukubwa: hutanuka kama mwembe mdogo, na katika ua mwembamba wa nyumba ya kambini utagombana na jirani.

Baada ya huo hufuata Lattarula, ambao baadhi ya wataalamu wa California huuhesabu kuwa mmoja na mtini mweupe wa Marseille. Ngozi yake ni ya kijani kuelekea manjano, na nyama yake ya rangi ya asali. Mti wake hukua polepole, hushikamana, na huvumilia baridi. Ukoo huu una ushahidi mrefu. Katika jumba la Askofu Mkuu wa Canterbury, Lambeth, jijini London, ipo mitini ya Marseille ambayo kwa mapokeo ilipandwa na Kardinali Reginald Pole, aliyekuwa Askofu Mkuu toka 1556 hadi 1558. London si mji wa joto, na mtini uliovumilia pale kwa muda wa karne kadhaa una barua yake ya sifa mkononi.

San Francisco yataka maneno yake peke yake, maana watu huichanganya na Puget Sound, ilhali maradhi yao si mamoja. Puget Sound ina baridi ya kuua vitawi wakati wa kipupwe, lakini mwezi wa Julai na Agosti hupata jua la kutosha kiasi. San Francisco karibu haina jalidi kabisa. Kinachokosekana ni joto la mchana katika miezi ile ile ambayo kila mti huliomba. Ngome ya Presidio, iliyoanzishwa na askari wa Hispania mwaka 1776 na kukaliwa na jeshi la Marekani hadi 1994, iko pale pale unapoingilia ukungu, na mke wa afisa aliyejaribu kupanda mboga za joto katika nyumba zile alijua habari zake. Lakini kilomita chache tu kusini-mashariki, katika mtaa wa Mission, vilima huuzuia ukungu, na jua hukaa. Mwezi wa joto kupita yote mjini humo ni Septemba. Kwa hiyo mtini wenye zao la pili la mapema huweza kuiva huko Mission hata Oktoba, ilhali katika mtaa wa Sunset, ulioelekea bahari, mwenye busara atashika breva tu.

Kwa pwani hiyo watu wazoefu husifu mtini uitwao Osborn Prolific, wenye ngozi ya kahawia iliyochanganyika na zambarau, usiokasirishwa na ukungu. Pia wasifu mtini mdogo Violette de Bordeaux, ambao wengine huuita Negronne: tini zake ni ndogo, nyeusi, za utamu mzito, na umbo la mti hufaa chungu kikubwa. Huu wa pili lakini upewe mahali penye joto kuliko pote katika ua. Ama Kadota, mtini wa njano wa Italia ujulikanao katika makopo, huo hutaka joto kavu, na katika unyevu wa pwani huchacha mtini. Mission, ule mweusi uliokuja na mapadri wa Kifransisko toka 1769, ndio unaouzwa sana na ndio unaowavunja moyo wengi. Karibu na bahari majani huwa mazuri, matunda haba.

Mnunuzi aangalie pia jicho la tini, ule mlango mdogo wa mbele. Tini yenye jicho wazi ikinyeshewa hunywa maji, wadudu huingia na chachu pamoja nao, na siku mbili baadaye harufu yake ni ya siki. Yenye jicho dogo au lililozibwa na tone la utomvu wake huvumilia. Kwa hiyo Verte, mtini mdogo wa kijani ambao wengine huuita Green Ischia na unaosifiwa kwa nchi za majira mafupi ya joto, hufaa kuulizwa pale ambapo mvua haina saa.

Halafu liko suala la majina, ambalo limewaghilibu hata wazoefu. Brown Turkey ndio mtini wa kawaida wa Uingereza, nao ni mzuri ukutani. Lakini mti unaouzwa California kwa jina hilo si ule. Ni mwingine kabisa, na hutaka joto zaidi. Ira Condit, mtaalamu wa California, alitoa mwaka 1955 kitabu kizima cha kupanga majina ya mitini, na kazi kubwa ya kitabu hicho ilikuwa kuonyesha mti mmoja wenye majina kumi na jina moja lenye miti mitatu. Njia iliyo salama kwa mwenye nyumba ni kutafuta jirani ambaye mtini wake unazaa kweli mtaani hapo hapo, na kumwomba kipande. Jina hata likiwa la uongo, tini zitakuwa za kweli.

Mti ukipatikana, mahali pake ni penye ukuta. Katika nchi hizo za kaskazini jua hukaa upande wa kusini wakati wote, kwa hiyo ukuta unaoelekea kusini, wa matofali au mawe, hunywa joto mchana na kulirudisha usiku. Waingereza wana desturi ya kuchimba shimo la kiasi cha sentimeta 60 kila upande, wakalijenga pembeni kwa vigae vya saruji na kutia vifusi chini, ili mizizi isitembee. Mtini uliobanwa mizizi huacha kukimbilia majani ukazaa. Mbolea nyingi yenye naitrojeni, kama samadi ya kuku, huharibu hesabu hiyo. Jamaa inayotazamia uhamisho itumie pipa au chungu kikubwa, kikae juu ya changarawe ukutani, na wakati wa jalidi kali kiingizwe gereji. Mti wenye mizizi ardhini ukiwa umelala huvumilia hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Wenye mizizi chunguni haupati kinga hiyo.

Kosa linaloua zao la kwanza kuliko baridi ni makasi. Mtu huona mtini umekuwa kichaka, na mwezi wa Februari hukata ncha zote sawasawa kama anayenyoa kuruta. Ncha zile ndizo zilizobeba vitumba vya breva. Mti utachipua kwa furaha, utajaa majani, utatoa zao la pili lisiloiva, na mwenyewe atalaumu hali ya hewa. Mtini wa breva hupogolewa baada ya mavuno, mwishoni mwa Agosti, au wakati wa baridi kwa kuondoa matawi machache mazima toka shinani, na mengine yote yaachwe na ncha zake. Mwezi wa Novemba tini za kijani zilizokwisha kuwa kubwa kuliko njegere ziondolewe, kwani hazitapona, na zile ndogo za nchani zisiguswe.

Wazee wa Argenteuil, karibu na Paris, ambako tini zililimwa kwa karne nyingi licha ya baridi, walikuwa wakitia tone la mafuta ya zeituni katika jicho la tini iliyokaribia kuiva, nayo hutangulia wenzake kwa siku kadhaa. Dawa hii ni ya kale sana, na bado hufanya kazi. Lakini tini ikiwa changa haisikii mafuta.

Tini haiivi baada ya kuchumwa, tofauti na ndizi. Ingojwe hadi shingo yake ilegee na tunda liiname, ngozi ianze kupasuka mistari. Ndege wanazijua dalili hizo mapema kuliko watoto, hivyo vifuko vya wavu mwepesi vifungwe juma moja kabla. Utomvu mweupe unaotoka kikonyoni huwasha, na ukipigwa na jua juu ya ngozi huacha malengelenge. Mtoto atakayepanda mtini avae mikono mirefu na anawe kwa sabuni akishuka. Tini iliyoiva hukaa siku mbili au tatu katika friji, zaidi ya hapo ni ya jamu.

Na amri ya uhamisho ikifika, si lazima mti upotee. Katika miezi ya baridi, majani yakiwa yamekwisha kuanguka, hukatwa vipande vya mwaka uliopita vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimeta 20 hadi 30, toka mti usio na mabaka ya manjano majanini, maana maradhi hayo husafiri na kipande. Hufungwa katika gazeti lenye unyevu kidogo, kisha katika mfuko wa nailoni, na hukaa friji kwa majuma mengi. Jamaa inayovuka mpaka wa jimbo, hasa ikiingia California, iulize kwanza idara ya kilimo ya huko, kwa sababu penye vituo vya barabarani motokaa husimamishwa na mimea isiyo na ruhusa huchukuliwa.